Mtoto amechanjwa malaria na bado ameugua: je, dozi ya nne ina maana?

"Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Kenya. Kitindamimba wangu ana miezi 22. Alipata chanjo ya malaria mara tatu, akiwa na miezi 6, 7 na 9, sikukosa hata siku moja. Nyumbani tulikuwa na neti mbili, moja ikachanika, basi iliyobaki nikawapa wakubwa wake kwa kuwa huyu mdogo nilijua ana chanjo. Mwezi uliopita akashikwa na homa kali, akapimwa, ikawa malaria. Akanywa dawa akapona. Wiki mbili baadaye akapata joto kidogo na mafua, wakampima tena kwa kile kipimo cha tone la damu: mistari miwili. Mama mkwe anasema chanjo ndiyo iliyomletea malaria, nisithubutu kumpeleka kwa ile ya nne. Jirani naye anasema watoto wetu wanafanyiwa majaribio kwa pesa za nje. Anauliza mbona chanjo ya korona ilipatikana mwaka mmoja, na hii ya malaria imechukua zaidi ya miaka thelathini na bado mtoto anaugua? Nimechanganyikiwa. Nimpeleke au niache?"

Mpeleke, mama. Nimetanguliza jibu ili usome haya mengine ukiwa umetulia. Mwanao anahitaji dozi ya nne, na malaria aliyougua haibatilishi dozi tatu alizokwisha kupata. Lakini umeuliza mambo mengi kwa pamoja na kila moja lina uzito wake, kwa hiyo nivumilie nilichukue moja moja.

Naanza na la mama mkwe, kwa sababu ndilo linaloleta mvutano nyumbani. Chanjo hii haiwezi kumpa mtoto malaria. Ndani yake hamna kimelea cha malaria, si hai, si mfu, si kilichodhoofishwa. Kilichomo ni kipande cha protini kinachofanana na koti la nje la kimelea, kimeunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B ili mwili ukione vizuri. Protini hiyo hutengenezwa na hamira. Ndiyo, hamira ileile ya mandazi na mkate, iliyofundishwa maabarani kutoa kitu kingine. Ukipata nafasi siku ya kliniki, mwangalie muuguzi mikono. Chanjo mliyonayo Kenya, inayoitwa RTS,S, huja kwa vichupa viwili vilivyobanwa pamoja, kimoja chenye unga na kingine chenye maji. Muuguzi huvuta yale maji kwa sindano, akayaingiza kwenye unga, akatikisa taratibu mpaka uyeyuke. Yale maji ndiyo kichocheo kinachoamsha kinga ya mwili, na sehemu yake moja hutoka kwenye gome la mti unaoota Chile. Ikishachanganywa haikai zaidi ya muda wa saa sita, kinachobaki humwagwa. Ndiyo sababu wakati mwingine unaambiwa usubiri mpaka apatikane mtoto wa pili: mchanganyiko mmoja unatosha watoto wawili.

Kinachoweza kutokea baada ya sindano ni joto la mwili kwa siku moja au mbili na paja au mkono kuuma. Watoto wachache hupata degedege inayotokana na lile joto, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Hilo lipo na sitakuficha. Ila mwanao aliugua karibu mwaka mzima baada ya sindano ya tatu. Homa ile ilitoka kwa mbu.

Sasa, kwa nini mbu alifaulu wakati mtoto ana chanjo?

Mbu jike wa anofelesi anapouma huacha mate, na katika mate hayo mna vimelea vichache, mara nyingi makumi tu. Vimelea hivi havikai kwenye damu. Huchukua dakika chache hadi saa chache kufika kwenye ini, vikajificha humo kama wiki moja, kimya kabisa, mtoto akicheza na kula bila dalili yoyote. Humo ndani ya ini kimelea kimoja huzaa makumi elfu. Hao ndio wanaomwagika kwenye damu, wanavunja chembe nyekundu, na hapo ndipo homa inaanza.

Chanjo ya RTS,S inafanya kazi katika ule mwanya mfupi tu, kati ya ngozi na ini. Kingamwili zake zinalitambua lile koti la kimelea kilichotoka kwa mbu. Kimelea kikishatoka kwenye ini kimevua koti hilo, kimevaa jingine, na kingamwili za chanjo hazikijui tena. Wewe unalima, utanielewa haraka: ni sawa na kuokota mbegu za magugu kabla hazijagusa udongo. Ukiokota zote, shamba ni safi. Ukiokota tisa na moja ikakuponyoka, hiyo moja itaota na kujaza shamba. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi asiugue, kisha siku moja kimelea kimoja kikapenya, akaugua. Wewe umeiona ile siku moja. Zile nyingine zilizopita salama hakuna aliyekuonyesha, na hapo ndipo chanjo hii inapoonewa.

Tunajua kwamba siku hizo zipo kwa sababu zimehesabiwa. Jaribio kubwa la RTS,S lilianza mwaka 2009 na kumalizika 2014, na lilikuwa na watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Kenya vituo vilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, vipindi vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Wengi husikia namba hiyo wakadhani watoto 36 kati ya 100 wamekingwa na 64 wametupwa. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kundi zima homa zilipungua kwa zaidi ya theluthi. Katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto mmoja anaugua mara kadhaa, kwa hiyo watafiti walikuta kwamba kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, vipindi 1,774 vya malaria viliepukwa. Ni zaidi ya kipindi kimoja kwa kila mtoto. Kwa mama hiyo ni safari za hospitali, usiku wa kukesha na siku za kazi zilizookolewa.

Tumezoea chanjo ya surua, inayofunga mlango kabisa. Lakini mtu akiugua surua mara moja haugui tena maisha yake yote, ina maana mwili wenyewe unajua kuimaliza. Malaria haiko hivyo. Mtu mzima wa Busia aliyeumwa malaria mara thelathini bado anaweza kuugua ya thelathini na moja. Tunaidai chanjo ifanye jambo ambalo hata ugonjwa wenyewe hauufundishi mwili kulifanya.

Nije kwenye dozi ya nne, na hapa nakuomba usome polepole. Kingamwili zinazotokana na dozi tatu za mwanzo hupanda juu sana, kisha hushuka haraka katika miezi ya kwanza na kuendelea kupungua baadaye. Mwanao ana miezi 22, ya tatu alipata akiwa na 9. Aliugua wakati kinga yake imeshuka, kama inavyotarajiwa. Dozi ya nne kazi yake ni kuipandisha tena. Katika jaribio lile, waliopata dozi nne walipungukiwa na malaria kali kwa karibu theluthi. Waliopata tatu wakaishia hapo, hesabu ya miaka yote ilipojumlishwa, faida yao dhidi ya malaria kali ilikuwa karibu na sifuri. Walikingwa mwanzoni, kisha baadaye wakaugua kuliko wenzao. Sababu inaeleweka: mtoto aliyekingwa hukutana na vimelea vichache, kwa hiyo ile kinga ya asili inayojengwa na kuugua mara kwa mara huchelewa kwake. Kinga ya chanjo ikishuka naye bado hajajenga yake, anabaki wazi kwa muda.

Ni haki nikueleze pia kilichoonekana chanjo ilipotoka kwenye jaribio na kuingia kliniki za kawaida. Malawi, Ghana na Kenya zilianza mwaka 2019. Kenya ilizindulia Homa Bay mwezi Septemba. Katika maeneo ya chanjo, vifo vya watoto wa umri huo, ukiacha vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13, na hii ni hata ingawa watoto wengi hawakuwa wamefikia dozi ya nne. Sijui jambo jingine jipya katika afya ya watoto wetu la miaka ya karibuni lililonifurahisha kama hilo. Dozi tatu za mwanao hazikwenda bure. Lakini kumwachia hapo ni kumwachia mahali ambapo ushahidi unatutia wasiwasi zaidi. Ndiyo maana nimesema mpeleke.

Na neti? Mama, hili silisemi kukulaumu. Ulikuwa na neti moja na watoto watatu, ukapima kadiri ulivyoelewa, na huenda hakuna aliyekuambia pale kliniki. Lakini ulimwondolea mwanao nusu ya ulinzi. Watoto wote wa lile jaribio walipewa neti. Ile asilimia 36 ilipatikana juu ya neti, haikupatikana badala yake. Neti inapunguza idadi ya mbu wanaomfikia. Chanjo inaokota vimelea vya wale waliopenya. Mbu wakimfikia wengi, chanjo inazidiwa, kama mtu mmoja anayeokota mbegu huku kumi wanazimwaga. Faida ya kuunganisha kinga imeonekana wazi Mali na Burkina Faso, ambako watoto waliopata chanjo pamoja na dawa ya kinga ya msimu wa mvua walilazwa kwa malaria kali mara chache sana, pungufu kwa asilimia 70 hivi kuliko waliopata kimoja tu. Nanyi watu wa magharibi mwa Kenya mna historia ya kujivunia katika neti: Asembo na Gem, huko Siaya, ni miongoni mwa mahali ambapo miaka ya tisini ilithibitishwa kwamba neti yenye dawa inapunguza vifo vya watoto wachanga. Waulize wahudumu wa afya wa kijiji chenu ugawaji wa neti uko lini, na kliniki ya wajawazito na watoto pia hutoa. Kwa sasa, walale watatu chini ya ile iliyopo ikiwezekana, na iliyochanika ishone. Neti yenye dawa iliyoshonwa bado inafaa.

Kuhusu ile mistari miwili ya mara ya pili, sidhani kama mwanao alikuwa na malaria mpya, ingawa siwezi kuapa bila kumwona. Kipimo kile cha haraka kinatafuta protini inayoachwa na kimelea kwenye damu. Dawa ikishaua vimelea vyote, protini hiyo inabaki ikizunguka kwa wiki kadhaa, wakati mwingine mwezi na zaidi. Ni kama moshi uliobaki jikoni baada ya moto kuzimwa. Mtoto mwenye mafua wiki mbili baada ya kutibiwa akipimwa kwa kipimo hicho, anaweza kuonyesha mistari miwili bila kimelea hata kimoja. Chanjo yenyewe haileti mstari, kwa kuwa protini yake ni tofauti kabisa na ile inayotafutwa. Ikitokea tena homa ndani ya mwezi mmoja wa matibabu, omba damu iangaliwe kwa darubini, maana darubini inaona kimelea chenyewe. Na hakikisha dawa mseto ilitumika yote: dozi sita kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, na akitapika ndani ya nusu saa apewe tena. Nimeona mara nyingi mtoto anachangamka siku ya pili, zile zinazobaki zinawekwa kabatini kwa ajili ya homa nyingine.

Sasa jirani. Swali lake la miaka thelathini ni zuri, lijibiwe kwa heshima.

Virusi vya korona vina jeni, yaani maagizo ya urithi, zisizofika thelathini. Kimelea cha malaria kina zaidi ya 5,000, kinabadili sura kila kinapohama kutoka mbu kwenda ini, na kutoka ini kwenda damu. Halafu chanjo ya korona nayo haikuzaliwa mwaka mmoja. Ilisimama juu ya utafiti wa vyuo vikuu na taasisi za umma uliofanyika kimyakimya kwa miongo kadhaa. Katalin Karikó na Drew Weissman, watafiti waliofungua njia ya chanjo za korona, walichapisha ugunduzi wao mkuu mwaka 2005, na wakati huo wachache sana waliujali. Ya malaria ilianza mbali zaidi. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, alionyesha kwamba panya waliopewa vimelea vilivyodhoofishwa kwa mionzi hawakuugua malaria baadaye. Mwaka 1984 jeni ya lile koti ikapatikana. Mwaka 1987 kazi ya kuunda RTS,S ikaanza kati ya kampuni ya dawa ambayo leo ni GSK na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021.

Kwa nini polepole hivyo? Ugumu wa kimelea ni sababu moja. Nyingine inauma: wanaokufa kwa malaria ni watoto wa maskini. Mwaka 2023 dunia ilipoteza watu 597,000 kwa malaria, wengi mno Afrika, na katika bara letu watatu kati ya wanne ni watoto chini ya miaka mitano. Kampuni haipati faida hapo, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ilibebwa na pesa za umma na za wafadhili, ambazo huja kidogo kidogo na hukatika njiani. Jirani anaposikia "pesa za nje" anaona hila. Mimi naona kodi za watu wengine, na pia jasho la watafiti wa Kenya, Tanzania, Ghana na Burkina Faso waliokaa miaka na miaka na watoto wa vijiji vyao wenyewe. Anayo haki ya kuuliza kuhusu majaribio. Jaribio lile kubwa lilifanywa kwa ridhaa ya wazazi, likaisha 2014. Baadaye palikuwa na maswali kuhusu homa ya uti wa mgongo na vifo vya wasichana, yaliyojitokeza kwenye takwimu za jaribio. Hayakufichwa. Yalifuatiliwa katika nchi tatu kwa maelfu ya watoto, na hayakuthibitika. Anachopata mwanao leo ni chanjo ya ratiba ya taifa.

Kwa kuwa uko mpakani, bila shaka umesikia kwamba Uganda walianza mwaka 2025 na chanjo nyingine, R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford, iliyojaribiwa pia Kilifi na Bagamoyo. Namba zake za mwaka wa kwanza zinavutia, asilimia 68 hadi 75, ila RTS,S nayo katika mwaka wa kwanza hukinga zaidi kuliko inavyofanya ukijumlisha miaka minne, na hizi mbili hazijawahi kushindanishwa uso kwa uso. Zinalenga koti lilelile. Usivuke mpaka kuitafuta. Amalize kwa ile aliyoanza nayo, labda kliniki yako iwe haina; hapo wahudumu wataamua.

Jambo moja usilisubirie ratiba wala ushauri wangu. Mtoto mwenye homa Busia apimwe siku hiyohiyo au kesho yake, awe amechanjwa au hajachanjwa. Nakumbuka mama mmoja aliyeingia wodini alfajiri na mtoto mgongoni amelala. Alidhani amechoka kwa safari. Nilipofungua kiganja cha yule mtoto kilikuwa cheupe kama karatasi, pumzi zikienda mbio. Tulimwongeza damu na kumpa sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, akapona, lakini saa mbili zaidi zingetosha kumpoteza. Basi ukiona degedege, kulegea au usingizi usioamshika, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kuhema kwa shida, viganja na ndani ya midomo kuwa vyeupe, macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, usipitie dukani. Nenda hospitali yenye uwezo wa kulaza na kuongeza damu, hata kama ni usiku. Kama mtoto ana selimundu, mwambie daktari mapema, kwa sababu anahitaji dawa ya kinga ya kila siku juu ya haya yote.

Wiki hii nenda kliniki na kadi yake. Waambie: alipata tatu, ya mwisho akiwa na miezi 9, aliugua mwezi uliopita, akatibiwa. Wakuoneshe tarehe ya nne. Kenya ilipoanza iliwekwa miezi 24, lakini ratiba hupitiwa upya, kwa hiyo fuata watakayokuandikia. Ukichelewa, chanjo huendelezwa pale ilipoachwa, haianzi upya. Malaria iliyokwisha kupona si kizuizi. Wakimkuta na homa kali siku hiyo watamtibu kwanza na kukupa tarehe nyingine. Mama mkwe akikubali, nenda naye, amuulize muuguzi mwenyewe na akione kile kichupa cha unga kikichanganywa. Kadi ikiwa imepotea usikae nyumbani kwa hofu ya kugombezwa: jina la mwanao lipo kwenye daftari la chanjo la kituo alikochanjwa.